Tukihamia kitongoji chenye wazungu wengi, tuangalie nini kabla ya kununua nyumba?

MamaTanga:
Ndugu zangu mlioko Marekani, mimi na mume wangu tumejaliwa uwezo wa kununua nyumba, na tunafikiria kutoka Cleveland mjini kwenda kwenye kitongoji cha watu wa kipato cha kati ambacho wakazi wake wengi ni wazungu. Shule zake zinasifiwa, lakini nina hofu kwamba mwanetu wa darasa la pili atakuwa mtoto mweusi peke yake darasani, na kwamba sisi wenyewe tutasalimiana na majirani kwa miaka bila kubisha hodi kwa yeyote. Mliokwisha kuishi hivyo, mliangalia nini kabla ya kutia saini?

JiraniWaErie:
Dada, hongera. Anza na historia ya kitongoji chenyewe, kwa sababu havifanani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilizizuia mahakama kutekeleza masharti ya hati yaliyokataza weusi kuuziwa nyumba, lakini William na Daisy Myers walipohamia Levittown, Pennsylvania, mwaka 1957, umati ulikusanyika nje na kuvunja dirisha lao kwa mawe. Sheria ya kukataza ubaguzi katika uuzaji na upangishaji ilikuja mwaka 1968. Karibu na ulipo, katika mtaa wa Ludlow, unaogawanywa na mpaka wa Cleveland na Shaker Heights, bomu lililipuliwa nyumbani kwa wakili mweusi mwaka 1956. Majirani weusi na weupe wakaanza kukutana sebuleni, na mwaka uliofuata wakaunda chama cha kuzuia wazungu wasiuze nyumba kwa hofu na kuhama. Sisifu kila walichofanya, maana mikopo ya nyongeza waliyowapa wanunuzi weupe ili mtaa ubaki na mchanganyiko ilimwacha mnunuzi mweusi ajitafutie mwenyewe. Hata hivyo, mahali ambapo watu walikwisha kulizungumza jambo hili hadharani, familia yako haitakuwa ya kwanza kulianzisha.

Mwalimu_Ohio:
Naomba kutofautiana kidogo na aliyetangulia, kwa kuwa historia nzuri ya mtaa haifiki darasani yenyewe. Hiyohiyo Shaker Heights ilisifiwa kwa miongo mingi huku madarasa ya ngazi ya juu katika shule zake yakiwa na weupe wengi na ya kawaida yakiwa na weusi wengi, mpaka wilaya ilipoanza kuyaunganisha mwaka 2020. Takwimu za shule nzima zitakuficha hilo. Omba ruhusa ya kuketi darasani asubuhi moja, uliza ni nani anayeamua mtoto aingie ngazi ipi, walimu weusi ni wangapi, na ni watoto gani wanaotolewa nje ya darasa mara kwa mara.

BabaZuhura:
Nakubaliana na Mwalimu, ila msisubiri shule iwafanyie yote. Akina mama weusi wa Philadelphia walianzisha Jack and Jill mwaka 1938 ili watoto wao wafahamiane na kukua pamoja, na familia nyingi za vitongojini bado zinakitegemea chama hicho, ingawa mtu huingia kwa kualikwa na wahamiaji kama sisi huchelewa kujulikana. Kwetu, msikiti na mikusanyiko ya Waswahili ya mwisho wa wiki ndiyo iliyomsaidia binti yetu, na tulikuwa tukiendesha gari muda mrefu kufika. Kabla ya kulipa arubuni, endesheni safari hiyo siku ya baridi kali, pamoja na ile ya kwenda kwa msusi, mwone kama mtaiweza kila wiki.