Naomba ushauri: njiwa wangu wanarudi ng'ambo ya ziwa

Ndugu wafugaji wenzangu, nawasalimu kwa heshima.

Nimehama kutoka Sengerema kuja Nyegezi, hapa Mwanza, nikiwa na njiwa 12 niliowalea tangu wakiwa makinda. Niliwafungia bandani wiki tatu nikiwalisha mtama, lakini siku nilipowafungulia walizunguka juu ya paa, wakavuka Ghuba ya Mwanza, na jioni jirani yangu wa zamani akanipigia simu kuniarifu kwamba wametua kwenye banda lao la awali. Nimewafuata mara mbili, na mara zote mbili wamerudi kulekule.

Nafahamu kwamba njiwa huongozwa na jua pamoja na usumaku wa dunia, ndiyo maana kuwasafirisha ndani ya boksi lililofunikwa hakukunisaidia. Kuwapunguza mabawa sitaki kabisa, kwa kuwa mwewe ni wengi huku, na njiwa asiyeruka hana pa kukimbilia.

Sasa nimewafungia tena, na jozi moja imetaga juzi. Mayai huchukua takriban siku 18 kuanguliwa. Je, nikiwafungulia wazazi wakati wana makinda, watabaki hapa? Na hawa wengine, ambao nawapenda mno hata siwezi kuwauza, niwafungie kwa muda gani?