Nyanya na mashua ya Ngomeni

Halima: Assalam aleikum wote. Tumerudi salama na mashua, nyanya anaoga. Jamani sisi tumezaliwa Mji wa Kale hapa Mombasa tukakulia humo lakini wallahi leo ndo nimeuona, manake siku zote tunapita vichochoroni tunauona mgongo tu, uso wenyewe umeelekea maji

Ami Salim: Waaleikum salaam. Alhamdulillah. Mlipandia wapi?

Halima: Pale chini ya Ngomeni ami, Fort Jesus. Chombo cha kwanza nilikataa, laifu jaketi 3 na sisi watu 8, tukangoja kingine. Ukipita chini ya ule ukuta unajiona sisimizi, yaani umekaa juu ya mwamba kama umemea

Rukia: si ndo hapo Waomani walizingira?? tulisoma shule

Ami Salim: Ndio mwanangu, Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Wareno waliokuwa mle ndani wakitegemea vyombo vya kutoka Goa kule India, kimoja Santo António de Tanna kikazama hapohapo chini ya ngome 1697. Wapiga mbizi walikichimbua miaka ya 70, vitu vyake viko makumbusho mle ndani, mbao wakazifukia tena

Halima: Subhanallah kumbe tumepita juu yake

Halima: Sasa sikilizeni. Kufika Bandari ya Kale nyanya akashika ukingo wa mashua akaanza kuhesabu roshani, hii ya fulani, hii ya fulani, akafika moja imeng'oka mbao nusu, pamefungwa kamba ya nguo, akanyamaza. Kisha akasema hapo ndo nilikuwa nikikaa kumngojea babu yenu akitoka Lamu, jahazi lake nikilijua kwa kiraka cha tanga

Shangazi Zuhura: Mimi mwanawe hilo sijawahi kulisikia 😢

Ami Salim: Wala mimi

Halima: Tukaenda mpaka daraja la Nyali, akasema enzi zao lilikuwa la kuelea, ukivuka unalisikia likicheza miguuni

Rukia: la kuelea???

Ami Salim: Eeh, hili la sasa lilifunguliwa 1980

Shangazi Zuhura: Jumapili maji yanajaa saa ngapi? Nataka mama anionyeshe hiyo roshani

Ami Salim: Ni bamvua, maji makubwa, yatajaa kama saa kumi alasiri. Muwe hapo saa tisa, msingoje yakaanza kupwa, ile ngazi ina ukoga mama atateleza. Na mimi naja