Tupeane uzoefu: Uliingiaje kwenye hevi metali, na una msimamo gani ambao wenzako hawautaki?

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Sisi wa muziki huu wa magitaa ya umeme yenye kelele tuko wachache. Ukiufungulia Ngamiani, jirani anakuja kuuliza kama kuna ugomvi. Na hata huo uchache tunabaguana: huyu wa kweli, yule kaja juzi.

Naanza na langu, mawe mtarusha baadaye. Mimi niliingizwa na ile albamu ya bendi ya Metallica ya 1991, yenye jalada jeusi. Wajuzi wanasema hapo ndipo walipolegea, nyimbo fupi, mwendo wa polepole. Ni kweli. Lakini nilikuwa nimeshapewa albamu yao Master of Puppets ya 1986, na wimbo wenye jina hilohilo una dakika nane na ushei. Sikufika nusu. Nilisikia korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, iliyokosa grisi, basi. Ile nyeusi niliielewa siku hiyohiyo, nimekaa kwa fundi baiskeli nasubiri anyooshe ringi. Baadaye nikairudia ya 1986, na leo ndiyo naipenda zaidi.

Msema Ovyo: Hujaingia, umebebwa. Mimi nilianza na Wanorwei wanaolia kama mbuzi anachinjwa, tena wamejirekodi vibaya makusudi. Nikavumilia wiki nzima. Huu muziki si wa kila mtu, na uachwe hivyohivyo.

Binti wa Makorora: Wiki nzima unavumilia, ulilipwa shilingi ngapi? Bibi yangu ni wa enzi za Black Star, taarabu ya hapahapa Tanga yenye magitaa ya umeme. Akanikuta nasikiliza bendi ya Iron Maiden. Nikasema leo nanyweshwa kombe. Akasimama mlangoni, akasikiliza magitaa mawili yanavyofuatana, akasema, "Wapigaji wanajua. Huyo anayepiga ukelele mpeni maji." Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtu wa taarabu ataielewa Maiden kabla ya mtoto wa bongo fleva.

Kidole Kifupi: Mimi randa ya umeme ilinila ncha ya kidole, cha mkono wa kubania nyuzi. Gitaa likakaa ukutani mwaka mzima. Mpaka nikasoma habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath. Alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani, Birmingham, ana miaka 17. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko, juu akabandika ngozi. Nami nikamuiga. Baadaye akawa analegeza nyuzi zisimsumbue. Sikilizeni albamu yao Master of Reality ya 1971, ule mvumo wa chini kabisa. Msema Ovyo, huo uzito unaoulinda ulitoka kwa mtu anayejirahisishia kazi.

Msema Ovyo: Iommi sina neno. Msiniletee bendi ya Def Leppard tu, hao ni pop.

Kidole Kifupi: Nakuletea. Rick Allen, mpiga ngoma wao, alipoteza mkono wa kushoto kwa ajali ya gari, tarehe 31 Desemba 1984. Hawakumtafuta mwingine. Akajifunza kupiga kwa miguu kile alichokipiga kwa mkono, na 1987 albamu yao Hysteria ikatoka. Iite pop ukitaka.

Binti wa Makorora: Kimya kimetanda 😂

Msema Ovyo: Nilikuwa naswali. Hiyo ngozi umeibandika na nini? Mdogo wangu aliungua vidole, gitaa kaliacha.

Kidole Kifupi: Gundi ya fundi viatu, na ngozi iwe nyembamba, ya ulimi wa kiatu. Mlete Jumamosi tumpime. Mbuzi wako waache nyumbani.