Jalada halikuungua, na kinyota cha fedha si Silver Star: malalamiko yangu kuhusu nishani za baba mkwe

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika nikiwa na hasira, na nimejizuia siku nne nzima kabla ya kufungua uzi huu ili nisije nikaandika jambo nitakalolijutia. Mada yenyewe ni kumbukumbu za utumishi wa baba mkwe wangu, ambaye alipigana Vietnam katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, na nishani ambazo hazimo katika hati yake ya kuachishwa jeshi ingawa ni jeshi hilo hilo lililompa stahili ya kuzivaa. Ofisi ninayoilalamikia sitaitaja. Itoshe kusema kwamba ni mojawapo ya zile zinazojitangaza kuwasaidia askari wa zamani kufuatilia haki zao bila malipo, na kwamba imetupotezea miaka miwili ya mzee ambaye hana miaka mingi ya kupoteza.

Baba mkwe alichukuliwa jeshini kwa lazima mwaka 1967, akapelekwa Vietnam mwanzoni mwa Januari 1968 akiwa askari wa miguu, akarudi Januari ya mwaka uliofuata, na katikati ya mwaka 1969 akaachishwa kwa heshima. Siku ya kuondoka alipewa fomu DD 214, ambayo kwa askari yeyote wa Marekani ndiyo hati inayobeba maisha yake yote ya jeshi katika karatasi moja. Anasimulia kwamba aliwekewa fomu mezani, akaonyeshwa mahali pa kutia saini, akatia, akaondoka, kwa sababu kijana wa miaka ishirini na mmoja anayesubiri basi la kwenda nyumbani hakagui visanduku. Kisanduku namba 24, ambacho ndicho cha nishani, beji na tepe, kina mambo manne tu: Nishani ya Ulinzi wa Taifa, Nishani ya Utumishi wa Vietnam, Nishani ya Kampeni ya Jamhuri ya Vietnam, na beji ya askari wa miguu aliyeshiriki mapigano. Kwa zaidi ya miaka hamsini aliamini kwamba hayo ndiyo yote.

Yanayokosekana ni matatu, nami nitayaeleza moja moja kwa sababu hasira yangu imo humo humo.

La kwanza ni vinyota vya kampeni. Jeshi liliigawa vita ya Vietnam katika vipindi 17 vilivyopewa majina, na kila kipindi ambacho askari alikuwapo kinampa kinyota kimoja cha shaba cha kubandika kwenye utepe wa Nishani ya Utumishi wa Vietnam. Aliyekuwapo tangu mwanzoni mwa Januari 1968 hadi Januari 1969 amepitia vipindi vitano, kikiwamo kile cha mashambulizi ya Tet kilichoanza tarehe 30 Januari 1968, na kwa kanuni za jeshi vinyota vitano vya shaba hubadilishwa na kuwa kimoja cha fedha. Hapo hakuna la kubishaniwa, kwani ukiwa na tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka unahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

La pili ni tuzo ya kikosi, yaani Msalaba wa Ushujaa wa Jamhuri ya Vietnam wenye tawi la mtende, ambao serikali ya Vietnam Kusini ilivitunukia vikosi vya Marekani na jeshi likautangaza kwa Amri ya Jumla namba 8 ya mwaka 1974. Amri hiyo ilivijumuisha vikosi vyote vilivyokuwa chini ya kamandi ya Jeshi la Nchi Kavu huko Vietnam tangu Julai 1965 hadi Machi 1973. Tazameni tarehe hizo vizuri. Amri ilitolewa miaka mitano baada ya mzee kukabidhiwa hati yake, kwa hiyo haikuwezekana kabisa iwemo, na wala hakuna aliyemwandikia baadaye kumjulisha kwamba amepata tuzo. Ni askari wangapi walioondoka kabla ya 1974 wamezikwa bila kujua jambo hilo, sijui, lakini nikilifikiria usingizi hunipaa.

La tatu ni Nishani ya Tabia Njema, na hilo nitalirudia.

Tulikwenda katika ofisi hiyo tukiwa na nakala ya DD 214, barua ya ukurasa mmoja niliyoiandika mimi na mzee akaitia saini, pamoja na matumaini. Mhudumu aliipitia hati kwa muda usiozidi dakika mbili, akasema kwamba kwa bahati mbaya kumbukumbu za watu wa umri huo ziliungua katika moto wa St. Louis, na kwamba pasipo jalada hakuna kinachoweza kufanyika. Mzee aliinamisha kichwa, akashukuru, tukaondoka. Nakiri kwamba nami niliamini. Tulirudi mara tatu katika miaka hiyo miwili, na mara zote jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Sasa nisikilizeni. Moto huo ulitokea kweli, tarehe 12 Julai 1973, katika ghorofa ya juu ya kituo cha taifa cha kumbukumbu za askari kilichokuwa Overland, pembezoni mwa St. Louis, na uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na milioni 18. Lakini haukuchoma kila kitu. Yaliyoungua ni takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya tarehe 1 Novemba 1912 na tarehe 1 Januari 1960, na takriban asilimia 75 ya yale ya askari wa jeshi la anga walioachishwa kati ya tarehe 25 Septemba 1947 na tarehe 1 Januari 1964, tena kwa hao wa anga ni majina yanayofuata Hubbard, James E., kwa mpangilio wa alfabeti. Mzee aliachishwa mwaka 1969. Hayumo katika kundi la kwanza, hayumo katika la pili, na tarehe ya kuachishwa kwake imeandikwa katika karatasi ile ile ambayo mhudumu alikuwa ameishika mkononi. Taarifa hizi hazijafichwa popote. Mimi, ambaye sijawahi kuvaa hata sare ya skauti, nilizipata jioni moja nikiwa nimekaa jikoni. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni hii anakosaje kuzijua?

Nikamwambia mzee tuachane nao, tuombe jalada wenyewe. Alijaza fomu SF 180, akatia saini kwa mkono unaotetemeka (ni lazima atie saini yeye mwenyewe, kwa sababu jalada huwa wazi kwa umma miaka 62 tu baada ya kuachishwa, na kabla ya hapo hata mkwe mwenye bidii kama mimi hana ruhusa ya kulifungua), tukatuma. Baada ya miezi michache bahasha ikafika. Jalada halikuungua wala halikulowa maji. Ndani yake mlikuwa na nakala ya kadi ya utumishi, fomu DA 20, iliyopigwa taipu na makarani tofauti, kila mmoja na mashine yake. Mmoja herufi yake ya "e" ilikuwa imejaa wino kiasi cha kufanana na nukta. Sehemu namba 38 ya kadi hiyo ndiyo inayoorodhesha kila kikosi na kila kazi aliyopangiwa, na pembeni kuna safu mbili nyembamba, moja ya mwenendo na nyingine ya ufanisi. Mistari saba, safu mbili, na katika kila nafasi kuna kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya "bora kabisa". Mara kumi na nne. Nilipomsomea, mzee aliichukua karatasi, akaikaribisha usoni, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Hapo ndipo Nishani ya Tabia Njema inapoingia. Kwa kawaida hutolewa kwa miaka mitatu ya utumishi, lakini anayemaliza utumishi wake wa kwanza kabla ya muda huo, akiwa ametimiza angalau mwaka mmoja, naye anaweza kupewa, mradi alama zake ni hizo na hakuna kamanda aliyeandika pingamizi. Katika jalada la mzee hakuna pingamizi, hakuna adhabu, hakuna hata onyo. Kilichokosekana ni karani mmoja wa mwaka 1969 kuandaa amri ya kutoa nishani hiyo.

Kwa ujinga wangu nilidhani kwamba sasa ile ofisi ingefurahi, kwani ushahidi umepatikana. Tukarudi na barua mpya, na humo niliandika wazi kwamba mzee anastahili kinyota kimoja cha fedha kwenye utepe wa Nishani ya Utumishi wa Vietnam. Mhudumu, si yule wa kwanza, aliisoma hadi hapo akasimama. Akasema kwa sauti iliyosikika na kila aliyekuwa amekaa akisubiri kwamba mzee anadai Silver Star (yaani Nyota ya Fedha), kwamba Silver Star ni nishani ya tatu kwa ukubwa katika zile za ushujaa vitani, kwamba haidaiwi kwa barua ya familia, na kwamba ipo sheria ya mwaka 2013 inayowaadhibu wanaojipatia manufaa kwa kudanganya kuhusu nishani za aina hiyo. Mbele ya watu, akimwambia hivyo mtu aliyelala kwenye matope kwa mwaka mzima!

Kinyota cha utumishi ni kipande cha chuma chenye upana wa milimita tano hivi, kinachobandikwa juu ya utepe. Silver Star ni nishani kamili inayojitegemea, yenye utepe wake. Vinafanana kwa jina tu, na barua yangu haikuacha nafasi ya kuvichanganya. Nilijaribu kueleza, nikaambiwa nishushe sauti, ingawa aliyekuwa ameipandisha si mimi. Mzee alinishika mkono akaniambia twende. Kwenye gari aliniuliza kama anaweza kushtakiwa. Swali hilo, wanajukwaa, ndilo lililonifanya niandike.

Ninyi msiomjua mtu huyu mnapaswa kujua jambo moja zaidi. Ana kovu begani la kipande cha bomu. Mganga wa kikosi alimshona usiku ule ule, na asubuhi akarudi kwenye doria. Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa vitani, inataka jeraha litokane na adui, litibiwe na mhudumu wa tiba, na matibabu hayo yaingizwe katika kumbukumbu rasmi. Sehemu namba 40 ya kadi yake, ambayo ni ya majeraha, iko tupu. Nilimsihi tutafute wenzake waliokuwapo watoe maelezo ya kiapo, akakataa katakata, akasema hataomba asichoweza kukionyesha kwa karatasi. Huyo ndiye aliyetishiwa sheria ya waongo.

Wapo watakaouliza kama kuna fedha ndani yake. Hakuna hata senti.

Kuhusu utaratibu, kwa kuwa najua humu wamo wenye wazazi, wenza au watoto waliolitumikia jeshi hilo: pale ambapo jalada lenyewe linaonyesha stahili, kama ilivyo kwa kinyota na tuzo ya kikosi, kosa hurekebishwa kiofisi, na mhusika hutumiwa fomu DD 215 ya kuambatanisha na DD 214 yake. Panapohitajika uamuzi, maombi hupelekwa kwa fomu DD 149 katika bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi. Msiogope mkisoma kwamba sheria inatoa miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa, kwa maana sheria hiyo hiyo inairuhusu bodi kuusamehe muda kwa ajili ya haki. Hata wale ambao majalada yao yaliungua kweli wasikubali kurudishwa mlangoni, kwani taarifa za kila asubuhi za vikosi na hati za malipo ya mwisho zimesaidia kuunda upya kumbukumbu nyingi. Linaloniudhi katika mfumo mzima ni kwamba jeshi ndilo lililoandika hati, jeshi ndilo lililokosea, na anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha ni aliyetia saini akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja.

Fomu DD 149 tumeituma wenyewe wiki iliyopita, pamoja na nakala ya kadi na ya amri ya 1974. Kwa ile ofisi nina madai mawili, na nimeyapeleka kwa maandishi kwa msimamizi wake: mzee aombwe radhi kwa barua yenye jina na saini ya mtu, na nakala yetu ya DD 214 yenye muhuri, ambayo waliibakiza tangu siku ya kwanza kwa maelezo kwamba "inashughulikiwa", irudishwe. Barua hiyo haijajibiwa.

Kwa aliyewahi kupitia njia hii naomba msaada wa jambo moja. Mlipoomba Nishani ya Tabia Njema katika bodi, je, mliambatanisha sehemu namba 38 peke yake, au kadi nzima ya DA 20? Mimi nimeambatanisha nzima, na ninaogopa kwamba ile sehemu namba 40 iliyo tupu itawafanya wamuulize mzee kuhusu bega lake.