Rivolva ya tatu kwenye mkusanyiko: Webley Mk VI, Nagant au Ruger GP100?

Mlengaji wa Naka, Nakuru

Wakuu, salaam. Ninamiliki rivolva mbili (bastola za silinda inayozunguka) kwa cheti, na zote huitwa za .38, yaani kipimo cha unene wa risasi, ingawa risasi za moja haziingii kwenye nyingine. Ya kwanza ni Smith & Wesson Model 10 yenye mtutu wa inchi 4, ambayo ndiyo ninayoitumia uwanjani kulenga shabaha. Ya pili ni Enfield No. 2 iliyotoka kwa mkulima mmoja wa Njoro alipouza shamba, ikaandikishwa upya kwa jina langu. Sasa ninatafuta ya tatu, na sina haja ya nyingine baada ya hiyo kwa muda mrefu.

Muuzaji mmoja mwenye leseni ana Webley Mk VI (toleo la sita) ya .455, nyeusi ing'aayo kama jana imetoka kiwandani, na pia Ruger GP100 ya chuma kisichoshika kutu. Aliponiona nasitasita akanitajia na Nagant ya Kirusi ya muundo wa 1895. Moyo wangu uko kwa Webley, kwa kuwa babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), na nyumbani tumesikia siku zote kwamba maafisa waliopigana Kisii mnamo Septemba 1914 walivaa Mk VI kiunoni. Bei yake, hata hivyo, inaizidi ya Ruger. Mngekuwa mimi, mngechagua ipi, na kwa sababu gani?

Mzee wa Milimani, Kisumu

Ndugu, kabla ya kuijadili silaha, tujadili cheti. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamtaka mwombaji aoneshe sababu ya kutosha ya kuhitaji silaha anayoiomba, na cheti chenyewe hutaja silaha hiyo pamoja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Wewe ni mlengaji shabaha, kwa hiyo sababu unayo. Lakini kwa maoni yangu sababu hiyo inasimama imara zaidi ukiomba silaha utakayoifyatua kweli kuliko ukiomba ya kuitazama kwenye sefu. Usimwachie muuzaji hata shilingi ya arbuni kabla ya kupata jibu la Bodi ya Leseni za Silaha.

Jambo la pili ni risasi, na hapa ndipo wakusanyaji wengi hukwama. Tayari unalisha aina mbili. Ganda la .38 Special la Model 10 yako lina urefu wa milimita 29.3, ilhali la Enfield ni fupi, milimita 19.7, na nene kidogo, ndiyo maana hayaingiliani. Ukichukua Webley unaongeza aina ya tatu, na .455 si risasi utakayoikuta kwenye kila kaunta. GP100 ya .357 Magnum, kwa upande wake, inakubali .38 Special ambazo unazo tayari, maana ganda la .357 ni lile lile la .38 Special lililorefushwa kwa milimita tatu na ushee, makusudi lisiweze kuingia kwenye silaha za zamani zisizohimili nguvu yake. Kumbuka tu kusugua matundu ya silinda baada ya kupiga nyingi za .38, kwa sababu masizi hujikusanya pale ganda fupi linapoishia, kisha ganda refu likakataa kuingia.

Kuhusu Nagant nitasema kwa kifupi. Ni mashine ya ajabu: ukivuta nyundo, silinda husogea mbele na mdomo wa ganda ukaingia kwenye mtutu, hivyo gesi haipati upenyo. Inabeba risasi saba. Lakini risasi zake ni za kwake peke yake, unazijaza moja moja kupitia kilango cha pembeni, na kifyatulio chake ni kizito mno. Mimi nisingeichukua.

Fundi wa Kakamega

Neno lililonishtua ni "ing'aayo". Silaha iliyopita kwenye vita haing'ai hivyo isipokuwa imepakwa rangi upya, na aliyeipaka rangi huenda alianza kwa kuisugua. Angalia kingo za fremu na maandishi ya kiwandani: yakiwa yamefifia huku weusi ukiwa mpya, basi hiyo si hali yake ya asili na bei ishuke. Linganisha pia nambari ya fremu na ya silinda.

Kisha bonyeza komeo kwa kidole gumba. Mtutu utainama mbele, na ile nyota ya katikati ya silinda itainuka na kuyatoa maganda yote kwa pamoja. Ndio utamu wa Webley. Ikiwa wazi hivyo, tazama uso wa nyuma wa silinda. Mk VI nyingi zilizouzwa Marekani baada ya vita zilikatwa hapo ili zipokee .45 ACP, risasi ya bastola ya Kimarekani, na utaona sehemu ya maandishi au nambari imeliwa na chombo. Iliyokatwa usiilishe .45 ACP ya kawaida hata ukiambiwa inaingia vizuri, kwa kuwa shinikizo lake ni kubwa mno kuliko la .455 ambayo chuma hicho kilikusudiwa. Mwisho, ikiwa tupu, vuta nyundo polepole hadi ishike, na ujaribu kuizungusha silinda kwa vidole. Mtikisiko mdogo sana ni wa kawaida; ikicheza waziwazi, rudisha.

Omwana wa Gusii

Naomba kurekebisha tarehe, kwa heshima ya babu. Mapigano ya Kisii ni ya Septemba 1914, na Mk VI ilipitishwa na jeshi la Uingereza mwaka wa 1915, hivyo haikuwako. Maafisa wa wakati huo walijinunulia bastola wenyewe, mradi zipokee risasi za jeshi za .455, kwa hiyo Webley za matoleo ya awali zingeweza kuwapo. Hata hivyo vita vya Afrika Mashariki viliendelea hadi Novemba 1918, na Mk VI inafaa kabisa kwa miaka hiyo ya mwisho. Askari wa kawaida kama babu walibeba bunduki, si bastola.

Mlengaji wa Naka, Nakuru

Nimepiga simu nikaomba picha ya uso wa nyuma wa silinda, na nambari imekatika katikati. Webley nimeiacha. Ombi la GP100 ninaliandika wiki hii, kwa sababu ya mashindano ya shabaha. Mzee, je, niombe mtutu wa inchi 4 au 6?

Mzee wa Milimani, Kisumu

Kwa shabaha pekee, 6. Nafasi kati ya vilengeo ni ndefu zaidi, na uzito wa mbele unapunguza mruko wa mkono ukipiga .357.