Maji ya barabara yanakula boma letu Nyakach: nichimbe bwawa wapi?

NyarNyakach
Hamjambo wadau. Nina ekari mbili alizoniachia baba. Tangu barabara ya murram ichongwe huku juu, kalivati moja linamwaga maji yake yote shambani kwangu, na mwanakandarasi hapokei simu. Korongo limeshanizidi kimo. Aprili lilikuwa hatua kumi na nne kutoka kaburi la baba. Leo nimehesabu tisa. Silali. Nisije nikaona Katuk Odeyo nyingine, lile korongo kubwa la huku Nyakach, ndani ya boma letu.

Nataka kuchimba bwawa pale korongo linapoanzia, na chini yake nipande mafunjo pawe kinamasi. Nifanye, ama nitazidisha balaa? Mama naye anaogopa mbu.

FundiMitaro_Rongai
Pole sana dada. Hapo usichimbe kabla ya kupima udongo. Chukua bonge dogo kavu, litumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Maji yakigeuka kama chai ya maziwa, udongo huo hauwezi kushika bwawa. Maji yatatoboa chini kwa chini na tuta litaondoka siku moja bila kukuambia. Huku Nakuru bwawa la Solai lilipasuka usiku, Mei 2018, tukazika watu zaidi ya 40. Lako ni dogo, lakini nani anaishi chini yake?

NyarNyakach
Nimejaribu sasa hivi. Udongo wa ukuta wa korongo, hata dakika kumi hazikufika, glasi nzima nyeupe. Ule wa mfinyanzi wa kule juu karibu na kalivati umetulia, maji yako safi. Chini ya korongo kuna nyumba ya shemeji yangu na watoto.

MzeeWaMkonge
Basi binti yangu, jibu umelipata: maji yashikwe juu, yasifike kwenye korongo kabisa. Fanya hesabu kwanza. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 30 kwa ekari moja ni zaidi ya lita 120,000. Nusu yake ikitiririka, imejaza bwawa la mita 10 kwa 6 lenye kina cha mita 1, na hiyo ni ekari moja tu. Kalivati lako linakusanya ngapi?

Kwa hiyo bwawa litajaa, hilo usilibishie. Lipe njia pana ya kutokea pembeni, iliyoota nyasi, maji yasipande juu ya tuta hata siku moja. Yakitoka hapo yaingie kwenye kinamasi chako, mahali tambarare, mafunjo na matete yayapunguze mbio. Kabla maji hayajaingia bwawani chimba shimo la kunasa tope, ulizoe kila baada ya mvua kubwa. Usipozoa, misimu miwili tu bwawa limekuwa uwanja.

Kwenye korongo lenyewe panda mkonge ukingoni, panga vizuizi vya mawe kama ngazi ndani yake, na mbuzi wasikanyage.

Akinyi_wa_Ahero
Mbu: weka ngege wadogo, wanakula viluwiluwi, na fyeka majani ya ukingoni. Kabla ya kuchimba pitia ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji uulize kuhusu kibali.

NyarNyakach
Asanteni sana. Miche ya mkonge ninayo kwa jirani. Kesho alfajiri naanzia upande wa kaburi.