Mkasi wa bajeti umeanza na asiyeweza kukataa: madaktari wanagenzi

Wakenya wenzangu,

Sipingi serikali kubana matumizi. Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi ulipotupwa baada ya maandamano ya 25 Juni 2024, bajeti ilibaki na pengo la Sh346 bilioni, na Rais alipotangaza tarehe 5 Julai kwamba Sh177 bilioni zitakatwa na Sh169 bilioni zikopwe, hesabu ilieleweka hata kwa asiyeipenda. Ninachokipinga, tena kwa hasira, ni kwamba mkasi huo ulikuwa umeshamfikia daktari mwanagenzi, yaani mhitimu anayetumikia mwaka wa mafunzo hospitalini, miezi mingi kabla ya kuwagusa wakubwa.

Mkataba wa pamoja wa mwaka 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari, ambao madaktari waliupata baada ya kugoma siku 100, ulimpa mwanagenzi takriban Sh206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilimwambia kwamba atapokea Sh70,000, yaani karibu theluthi moja, kwa kazi ileile na zamu zilezile za usiku. Alichaguliwa yeye kwa sababu hana pa kukimbilia. Daktari aliyekwisha kusajiliwa akiona malipo hayafai, anaweza kutafuta hospitali ya kibinafsi au kwenda ng'ambo, lakini mwanagenzi asipoutumikia mwaka wake wa mafunzo hasajiliwi, na shahada aliyoisomea miaka sita haimruhusu kufungua hata kliniki ya mtaani. Anayejua kwamba huwezi kuondoka anakulipa apendavyo, na mwajiri anayefanya hivyo hapa ndiye huyohuyo aliyetunga sheria ya kukuzuia usiondoke.

Madaktari waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi 8 Mei, na walipotia saini ya kurejea kazini suala la malipo ya wanagenzi liliachwa bila kutatuliwa. Mgomo ukiwa bado umepamba moto, viongozi walikutana katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, mwezi wa Aprili kujadili namna ya kushusha gharama ya mishahara ya umma hadi asilimia 35 ya mapato. (Chakula na usafiri wa mkutano huo, bila shaka, havikukosa fedha.)

Kisha ikaja hotuba ya Rais ya Julai. Tukaelezwa kwamba bajeti za ofisi za mke wa Rais na mke wa Naibu wa Rais zinafutwa, kwamba washauri serikalini wanapunguzwa kwa nusu, kwamba ununuzi wa magari mapya unasitishwa kwa miezi 12, na kwamba mashirika 47 ya umma yanavunjwa kwa kuwa majukumu yake yanagongana na ya mengine. Basi fedha zilikuwapo! Washauri hao walikuwa wakilipwa siku zote ambazo madaktari waliambiwa kwamba nchi haiwezi kutumia pesa isiyo nazo, na hakuna aliyeona kuwa wamezidi mpaka vijana walipojaa barabarani na baadhi yao wakauawa.

Ninataka Wizara ya Fedha ieleze hadharani, kwa tarakimu, ni kiasi gani kingeokolewa na kila hatua iliyotangazwa tarehe 5 Julai, na kwa nini hata sehemu ya kiasi hicho haikuweza kuulipa mkataba ambao serikali yenyewe iliutia saini. Mkataba huo haukuwa umefutwa na mahakama yoyote, na Sh70,000 hazikuwamo ndani yake.